Dagaa wa Shimba

Siku ya kumi baada ya kumzika mumewe, Bernadeta alirudi kazini, na kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa kugawa majina mia tatu na kumi na mawili katika mafungu mawili.

Msije mkadhani bosi wake alikuwa mtu wa roho mbaya. Chirag alimwambia wazi getini, "Mama Gladness, ungekaa nyumbani hata mwezi mzima, mshahara ungekufuata huko huko." Bernadeta akamuuliza nyumbani atakaa afanye nini. Kijana alikuwa na miaka ishirini na tisa, hajaoa, hajafiwa na mtu wa karibu, na alichokuwa nacho kwa wingi kilikuwa ni kazi. Basi akampa kazi.

Kiwanda chenyewe ni jengo refu la mabati kule Mirongo, linasaga chakula cha kuku na ng'ombe wa maziwa. Baba yake Chirag, Mzee Pankaj, alikianzisha na mashine moja iliyokuwa inakohoa vumbi mtaa mzima. Siku hizi mashine ni nne na mzee amekabidhi, anakuja asubuhi tu kukaa kwenye kiti chake karibu na mizani na kulalamika kwamba pumba za mwaka huu si pumba. Bernadeta alikuwa mtunza stoo kwa miaka ishirini na miwili. Kila gunia lililoingia pale lilipita mbele ya macho yake. Mashudu ya pamba yalitoka Misungwi, pumba zilitoka kwenye mashine za mjini, chokaa ilikuja na lori, na dagaa walikuja na Shimba.

Shimba ndiye aliyekuwa mumewe. Walijuana hapo hapo mizanini, yeye akishusha magunia, Bernadeta akiandika. Presha ilimpanda Jumatano mchana akiwa peke yake nyumbani, na mpaka majirani wanavunja mlango, yalikuwa yamekwisha. Wakamzika kwao Misungwi. Watu walilia sana. Bernadeta hakulia. Alipokea pole, akagawa sahani, akamkumbatia binti yake Gladness aliyetoka chuoni Bukoba na macho yamemvimba, na muda wote huo alikuwa anangoja yale machozi yaje kama yanavyokuja kwa wenzake. Hayakuja. Alikuwa amekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya: upo, unauona, lakini si wako. Shangazi mmoja wa marehemu alimtazama kwa jicho baya siku nzima. Hata hilo jicho halikumfanya kitu.

Sasa yale mafungu mawili. Chirag alikuwa amenunua programu ya kompyuta ya kuendeshea biashara, imetengenezwa na vijana wa Dar, Kiswahili kitupu, naye alijivunia hiyo programu kama mtu aliyeizaa mwenyewe. Programu ilitaka kujua, katika watu wote ambao kiwanda kinanunua kwao, nani ni muuzaji na nani ni mgavi.

"Si wote wanatuuzia?" Bernadeta aliuliza.

"Wote wanatuuzia, mama. Ila sikiliza. Muuzaji ni yule tukimkosa leo tunakwenda kwa mwenzake. Duka la karatasi, fundi wa taa, yule wa matairi. Tunamlipa, tunashukuru, kila mtu anashika njia yake. Mgavi ni yule tukimkosa mashine inasimama. Huyo tuna ahadi naye. Tunampelekea magunia matupu mapema, tunamtunzia nafasi, na mzigo ukipungua stoo, kompyuta yenyewe inamtumia meseji kila Jumatatu asubuhi alete mwingine."

"Yenyewe?"

"Yenyewe. Hata tukiwa tumelala."

Bernadeta akaitikia kwa kichwa. Haikuwa kazi ngumu, na hilo ndilo alilolipenda. Aliketi kwenye meza yake stoo, kompyuta mbele, lile daftari kubwa la kadi za zamani pembeni, akaanza na herufi ya kwanza. Fundi wa mizani, muuzaji. Duka la nyuzi na sindano za kushonea magunia, muuzaji. Mwanamke anayeleta chai na vitumbua saa nne, muuzaji, ingawa Nkwabi, mpimaji wa mizani, alikuja kulalamika kwamba akimkosa yule mama na mashine pia itasimama, maana yeye hatapima kitu. Kwa kawaida Bernadeta angecheka. Alimwambia, "Sawa," akaendelea na jina linalofuata.

Kazi ilimchukua siku nane. Alipofika herufi ya S, mkono wake haukusita. Kadi ilisema Dagaa wa Shimba, ndivyo ilivyosema miaka yote, na bila dagaa chakula cha kuku si chakula, ni makapi. Akabofya mgavi. Akaandika namba ya simu ya Shimba, ambayo hakuhitaji kuitazama popote, akaandika na namba yake ya mlipa kodi, akaenda kwa anayefuata.

Hapo niseme neno. Msomaji atauliza, huyu mama alikuwa hajui mumewe amekufa? Alijua. Mikono yake ndiyo iliyokuwa haijaambiwa. Na wengine je? Chirag aliipitia orodha yote, akaliona jina, akafikiri kuna ndugu wa marehemu aliyeshika biashara na simu, akaona aibu kumhoji mjane. Mzee Pankaj aliliona, akanyamaza. Adabu yetu hii inatufikisha mahali pabaya mara nyingine. Watu wawili wazima walilitazama jina la marehemu likiwa limekaa pale pamoja na walio hai, na kila mmoja akaona kusema ni kukosa heshima.

Jumatatu ya kwanza, saa mbili na nusu asubuhi, simu ililia mlio wa meseji ndani ya mkoba wa Bernadeta. Haikuwa simu yake. Alikuwa anatembea na simu ya Shimba tangu msiba, na aliichaji kila siku pamoja na yake, bila kujiuliza kwa nini. Akaifungua.

"Ndugu Shimba, habari za asubuhi. Tunaomba magunia arobaini ya dagaa kabla ya Ijumaa. Asante kwa ushirikiano wako."

Aliisoma mara tatu. Tangu msiba hakuna aliyekuwa amemtaja Shimba mbele yake bila kuweka neno marehemu. Hii meseji ilimwita ndugu, ikamwamkia, ikamwomba mzigo kama mtu aliyeko bandarini anapata kifungua kinywa. Kifuani kwake kulikuwa na joto kidogo. Ni aibu kusema lakini ndivyo ilivyokuwa, alifurahi. Akairudisha simu mkobani, akaenda kupokea pumba, na hakumwambia mtu.

Jumatatu ya pili ilikuwa Jumatatu ya Pasaka. Watu wote wako nyumbani, kompyuta haina sikukuu. "Ndugu Shimba, habari za asubuhi. Oda yako ya magunia arobaini imechelewa. Tafadhali wasiliana nasi." Bernadeta aliisomea jikoni, akakaa na simu mkononi mpaka chai ikapoa. Alikuwa ameamka mapema siku hiyo, akiingoja.

Jumatatu ya tatu meseji haikusema habari za asubuhi. Ilisema, "Ndugu Shimba, umeshindwa kutimiza oda mbili mfululizo. Umesimamishwa kwa muda."

Kesho yake Chirag aliteremka stoo mwenyewe. Alisimama, akashika kiti, akakiachia.

"Mama, samahani sana. Hili jambo nimelikwepa. Dagaa waliobaki ni wa wiki moja. Ile kazi ya baba Gladness, sasa anaiendesha nani?"

"Sijui," alisema Bernadeta.

"Hujui?"

"Hajaiendesha mtu."

Chirag akapumua. Alimweleza taratibu, kama anayemshika mgonjwa mkono, kwamba kuna dalali mmoja wa Musoma yuko tayari, ana lori lake, ana karatasi zote, anataka apewe ugavi wa dagaa mwaka mzima. Amemwahidi kutia saini Ijumaa saa kumi. "Nimeona nikwambie kabla hujasikia kwa watu."

"Ni sawa," alisema Bernadeta, na kweli aliona ni sawa. Angesema ni sawa hata kama angeambiwa jengo linahamishwa.

Saa nne ya siku hiyo hiyo Nkwabi akaja mbio kumwita. Getini kulikuwa na mkokoteni wenye magunia manane, na kando yake mama mtu mzima, mweusi wa jua, amevaa kitenge kipya cha safari na sweta la kiume, amekataa kuondoka.

"Nimemuuliza mzigo wa nani, anasema wa Shimba," Nkwabi alisema kwa sauti ya chini. "Nimeangalia, kompyuta inasema Shimba amesimamishwa. Nimemwambia, ndiyo kwanza ananitukana."

Bernadeta alimtambua. Alikuwa Modesta, kiongozi wa wanawake wa kisiwani kule Nansio waliofanya kazi na Shimba, aliyekuja msibani na wenzake kumi, wakalala wote chini kwenye turubai siku mbili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole tena. Arobaini imekwisha salama?"

"Imekwisha, mama. Misa ilikuwa Jumapili."

"Tulijua. Tulihesabu." Modesta alimshika mikono yote miwili. "Ndiyo maana nimekuja leo na si jana wala juzi. Mtu hajamaliza arobaini, utampigiaje simu habari za dagaa? Tumekaa kimya. Giza la mwezi wa tatu wavuvi walipata sana, tumeanika mpaka chanja hazitoshi. Tuna magunia tisini ndani, mwanangu, na mengine tumeyaweka vyumbani tunamolala. Tukasema tungoje. Sasa nimefika, huyu baba ananiambia tumesimamishwa. Tumekosa nini?"

Bernadeta aliyatazama yale magunia. Alikuwa ameyapokea maelfu kwa maelfu, na leo ndiyo kwanza aliyatazama. Kila gunia lilikuwa limeshonwa mdomo kwa uzi wa rangi yake. Moja jekundu, moja la bluu, moja la kijani, moja lilikuwa na nyuzi mbili, nyeupe na nyeusi, zimesokotwa pamoja.

"Na rangi hizi?" aliuliza, akigusa uzi.

"Si kila mtu na gunia lake? Jekundu ni la Nyangeta. La bluu ni la mke wa Masele, yule mwenye mapacha. Hili la nyuzi mbili ni langu, maana macho yangu ni mabovu, nalijua kwa kupapasa. Mumeo alikuwa akifungua gunia, akimvunja dagaa mmoja kwa vidole kuona kama kakauka, akikuta mchanga anapiga simu moja kwa moja kwa mwenye uzi wake. Hakuna aliyemdanganya Shimba."

Hapo ndipo lilipomjia. Alikumbuka Shimba akiwa nyumbani, sebuleni, na karatasi ya rangi rangi, anasema Jekundu wiki hii kazidi, Kijani mtoto wake anaumwa, hajaleta. Bernadeta alisikiliza miaka yote hiyo kwa sikio moja huku anakaanga samaki. Kwake yalikuwa maneno ya mume anayesimulia kazi yake. Akija kazini asubuhi anaandika kadi moja, Dagaa wa Shimba, kwa sababu kiwandani pale mzigo huitwa kwa jina la anayeushusha. Hivyo ndivyo Mzee Pankaj alivyoanza, na hakuna aliyewahi kuuliza. Shimba aliyapokea magunia yakitoka kwenye meli, akayapanga, akayaleta. Kama ni ile hesabu ya Chirag, ya nani akikosekana mashine inasimama, basi Shimba alikuwa mtu mwema wa kuleta mzigo, na wagavi walikuwa wanawake kumi na mmoja kisiwani ambao kompyuta haikuwa imewasikia. Na aliyeiambia kompyuta hivyo alikuwa yeye.

"Nkwabi, shusha hayo magunia," alisema. "Weka kivulini. Mama, twende juu."

Chirag aliwapokea vizuri, akaagiza soda. Alimsikiliza Modesta mpaka mwisho. Kisha akajikuna kichwa.

"Mgavi anatakiwa awe na namba ya mlipa kodi. Mnayo?"

"Tuna cheti cha kikundi. Cha halmashauri. Kiko kwa katibu, Nansio."

"Namba ya kodi?"

"Hiyo alikuwa nayo Shimba."

Chirag akamtazama Bernadeta, akatazama dirishani. "Ziko njia mbili. Ya kwanza, niwaweke kwenye wauzaji. Hapo sitaki karatasi. Mkija na mzigo siku tuna uhitaji, tunanunua. Siku hatuna, mnarudi nao."

"Na meli turudi nayo?" Modesta aliuliza. "Magunia tisini?"

"Ya pili ni rahisi zaidi. Shimba tumwache pale pale alipo. Namba yake ya kodi ipo. Mimi namwondolea kile kifungo, nabadilisha namba ya simu naweka yako, mama Modesta. Meseji inakuja kwako, unaleta mzigo, mambo yanaendelea kama zamani. Dalali nitamwambia basi. Kompyuta haijui nani kafa."

Modesta akapiga makofi mara moja. "Hiyo ndiyo! Mwache Shimba wetu hapo hapo. Tumemzoea. Au unasemaje, mwanangu?"

Bernadeta aliitaka ile njia ya pili. Nisimfiche. Aliitaka kuliko alivyotaka kitu chochote kwa siku arobaini. Kila Jumatatu mahali fulani duniani kungekuwa na mtu anayeamkiwa, "Ndugu Shimba, habari za asubuhi," na jina lingekaa pale kwenye kioo, katika herufi ya S, na yeye angelifungua kila siku ya kazi kabla ya chai. Nani angeumia? Wanawake wangeuza dagaa wao. Chirag angelala usingizi.

"Chirag," alisema polepole. Mara nyingi alimwita bosi, lakini alimjua tangu akiwa anasinzia juu ya magunia. "Mimi nikiondoka hapa, akija mtunza stoo mwingine akauliza huyu Shimba ni nani, mtamjibu nini?"

"Nitamwambia alikuwa mtu wetu, amefariki."

"Na dagaa atasema ni wa nani?"

Chirag akaiweka chini soda yake.

"Atalifuta jina, kama mtu yeyote mwenye akili. Na hawa kina mama watarudi tena getini na mkokoteni." Akamgeukia Modesta. "Dagaa hawakuwa wa Shimba."

Sentensi hiyo ilimtoka kwa shida, na ilimuuma. Aliona kama amemvua mumewe shati mbele za watu. Modesta aliinamisha kichwa, wala hakubisha.

"Ijumaa saa kumi," alisema Chirag. "Dalali akifika kabla ya karatasi zenu, sina ujanja. Baba aliniachia kiwanda, hakuniachia huruma ya kuchezea."

Siku mbili na nusu walizunguka mjini wale wanawake wawili. Picha ya cheti ilitumwa kutoka Nansio kwa simu, ikaja imekatwa upande mmoja, ikatumwa tena. Ofisi ya kodi walitaka muhtasari wa kikao, na kikao kilikuwa kimefanyika kwenye mchanga wa mwalo, pale wavuvi wanaposhusha, miaka mitatu iliyopita, na aliyeandika muhtasari ameolewa Sengerema. Wakampata. Walitaka picha ndogo za viongozi, Modesta akapigwa picha ya kwanza ya maisha yake aliyoilipia mwenyewe, akasema amefanana na marehemu mama yake na amesikitika. Jioni walirudi kwa Bernadeta, wakapika ugali, Modesta akalala kitanda cha Gladness. Hakuzungumza habari za msiba hata kidogo. Alizungumza habari za dagaa: kwamba wakinyeshewa hata mara moja wanakuwa na harufu, kwamba mchanga mweupe unakausha kuliko mweusi, kwamba Shimba alikuwa hajui kuogelea na aliiogopa meli, hivyo akasafiri kisiwani mara nne tu katika miaka yote hiyo. Bernadeta hakuwa akijua kwamba aliiogopa. Shimba alikuwa akimwambia ana kazi nyingi bandarini.

Namba ilitoka Ijumaa saa nane mchana. Modesta akabaki mizanini na Nkwabi kupima yale magunia manane, wamekwishapatana na kutaniana. Bernadeta akaenda mezani kwake, akafungua programu, upande wa wagavi, akabofya kuongeza mpya.

Aliandika jina la kikundi. Kisha akaandika majina ya wanawake wote kumi na mmoja, majina yao kamili kama yalivyo kwenye vitambulisho, akianzia kwa Modesta na kumalizia kwa Nyangeta, na mbele ya kila jina akaweka rangi ya uzi wake. Kwenye nafasi ya siku za kuleta mzigo hakuweka kila Jumatatu. Aliandika kwamba meseji itumwe siku tano baada ya giza la mwezi kuanza, maana mbalamwezi ikiwaka wavuvi hawaingii. Aliandika vizuri, bila haraka, kama alivyoandika maisha yake yote. Saa tisa na robo akabofya kuhifadhi.

Programu ikakataa. "Bidhaa hii tayari ina mgavi. Funga jina lake kwanza."

Akalifungua jina la Shimba. Chini kabisa kulikuwa na kitufe cha kufunga. Akakibofya. Programu ikamuuliza sababu, ikampangia za kuchagua: bei haifai, ubora umeshuka, anachelewesha mzigo, hajibu simu, nyingine.

Alikaa muda mrefu akitazama ile ya nne.

Kisha akachagua nyingine. Kisanduku kikafunguka cha kuandika maelezo. Akaandika, "Amefariki." Programu ikamjibu kwa maandishi mekundu, "Maelezo ni mafupi mno. Andika angalau maneno kumi."

Vijana wa Dar hawakuwa na ubaya. Bila shaka walichoka na watu wavivu wa kuandika. Bernadeta akajaribu tena. "Shimba amefariki dunia." Maandishi mekundu yakarudi. Saa ukutani ilisema tisa na nusu. Nje alisikia lori likipiga honi getini, huenda ni la dalali, huenda silo. Maneno kumi. Tangu siku ile hakuwa amesema hata manne juu ya kifo hicho. Wengine ndio waliosema, yeye akiitikia asante.

Akaweka vidole kwenye herufi, akaandika bila kusimama:

"Shimba mume wangu amefariki dunia Jumatano tarehe nne Machi. Alinipigia simu mara mbili nikiwa napima mashudu, nikasema nitampigia nikimaliza gunia la mwisho."

Akabofya.

Programu ikasema, "Asante. Imehifadhiwa." Jina likatoka kwenye orodha, yakaingia majina kumi na moja.

Bernadeta aliisogeza kompyuta pembeni, taratibu, isije ikalowa, akalaza kichwa mezani juu ya daftari la kadi, akalia. Alilia kwa sauti, mpaka Nkwabi akasimamisha mizani na Chirag akatoka ofisini akasimama ngazini hajui ashuke au arudi. Modesta ndiye aliyeingia. Alimwangalia mara moja tu, akamwambia Chirag, "Mwache alie, baba. Wewe nenda kamwambie yule wa lori kwamba nafasi ina watu."